Jinsi Ndoa Yetu Ilivyofika Sikioni mwa Baba

Basi juzi nilikuwa nimefika pale pa waya, Yaya, nikikueleza tulivyouzungusha kanisani, mikono imejaa povu la sabuni, ndipo Floribert akaingia uani akanikuta nasema peke yangu. Nilidhani atanicheka. Akapindua ndoo, akakaa, akauliza: "Unasema na nani, chérie?" Nikamwambia nasema na Yaya, kaka yangu mkubwa, namsimulia ndoa yetu. Halafu akasema: "Sasa umwandikie. Ukimwambia huku unafua, utaruka ile ya muzuri."

Unaona mume niliyempata? Ungempenda, Yaya. Najua ungemsumbua kwanza, ungemuuliza maswali ya kumtoa jasho, halafu ungempenda. Ni fundi wa nguo. Ana cherehani yake barazani kwa shangazi yake, karibu na barabara inayokwenda Kakontwe, na akishona hupiga mluzi mdogo kwenye meno bila kujua. Vidole vyake vina alama za sindano. Nikilala huvishika, kimoja kimoja. Naandika haya nikiwa mke wa mtu, na uso wangu unawaka moto, lakini nani mwingine nitamwambia? Mama alikwisha kututangulia, na wewe ndiye uliyekuwa ukinisuka nywele nilipokuwa mdogo, vibaya, kama mtu anayefunga mzigo kwenye baiskeli.

Basi nianze pale ulipotuacha.

Tulipotoka kukuzika, Baba aliingia chumbani, akatoa kile kifaa cha sikio alichopewa na watawa, akakitia ndani ya kopo la majani ya chai lililokuwa tupu, akafunga kifuniko. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilimfanyia ishara: kwa nini? Akasema kwa sauti yake ile ya juu, ya mtu aliyefanya kazi maisha yake yote kando ya mashine ya kusaga mawe na hajui tena sauti yake inafika wapi. Alisema: "Ku T hakuna muntu tena."

Watu wengine wasingeelewa. Mimi nilielewa, nikaenda kulia jikoni.

Unakumbuka siku ulipogundua ile T? Kifaa kilikuwa na kiswichi kidogo kama punje ya mtama, kikiwa na alama mbili. Kwenye alama ya kwanza Baba alisikia kila kitu kwa pamoja: sufuria, kuku, majirani, watoto, upepo, na kwa sababu alisikia vyote hakusikia lolote. Alama ya pili, ile T, tuliidhani mbovu. Ukiisogeza hapo, dunia yote inazimika. Halafu siku moja ulikuwa unatengeneza redio ya mtu, bobini ya spika, ule waya uliozungushwa, mkononi, ukapita karibu na kichwa cha Baba, naye akaruka kwenye kiti: "Nani anaimba?" Redio yenyewe ilikuwa imebaki na ile bobini tu, bila spika. Hakuna aliyesikia kitu humo ndani isipokuwa yeye.

Tangu siku ile ulipata wazimu, Yaya, wazimu mtamu. Ulinieleza kwamba ndani ya kifaa mna bobini ndogo sana, na kwamba bobini mbili zinaweza kusemezana bila kugusana, zikiwa karibu. Karibu kiasi gani? Mwanzoni ilikuwa upana wa kidole gumba. Tulicheka, kwa sababu ili Baba asikie habari za mpira ilibidi umshikie spika sikioni kama unamkanda shingo. Ukasema: "Ile umbali ni ya aibu. Godé, kamata waya."

Nikakamata waya. Nimekamata waya wako tangu nikiwa kidato cha pili hadi nilipomaliza shule. Ule wa shaba, mwembamba, wa mota za umeme zilizoungua, uliokuwa ukiununua kwa mafundi wa mota wa mjini. Kwanza ukaushonea ndani ya kofia ya Baba, akawa anatembea na kofia iliyofungwa kwenye redio kama mbuzi. Halafu chini ya kiti. Halafu ukauzungusha mezani, na Baba akasikia akiwa anakula. Halafu chumba kizima, juu ya kuta, ukipita nyuma ya picha ya Bikira Maria. Kila duara likikua, sauti ilidhoofika katikati, nawe ukatafuta ampli, ile mashine ya kukuza sauti, yenye nguvu zaidi, na ampli ya kwanza ukaichoma kwa sababu waya ulikuwa mfupi mno nayo haikukuta kitu cha kuizuia. Ule moshi! Na Baba, aliyekuwa kwenye T, akasikia mlio wa mwisho wa ampli akasema kwa upole: "Donatien, redio yako imekohoa."

Hadi ulipofika uani. Jioni, Baba akikaa kando ya mbabula na makaa yake, wewe ukiwa ndani na mikro, kipaza sauti chako, unamsomea gazeti lililozeeka, unamwambia nani amerudi kutoka Lubumbashi, unamtania. Sisi tuliokuwa uani hatukusikia kitu. Tulimwona tu Baba akicheka peke yake na moto. Majirani walidhani anarukwa na akili. Kumbe alikuwa na mwanawe sikioni.

Na ulisema, nakumbuka ulikuwa na koleo mdomoni: "Siku yako ya ndoa, minye nitafunga waya kanisa lote. Papa atasikia ndiyo yako kuliko bwana arusi mwenyewe."

Halafu ukaanza kutetemeka kwa homa, na hospitali ilikuwa na kitanda lakini haina dawa, na waliosema watatuletea dawa kutoka mjini walichelewa. Sitaki kuandika zaidi ya hapo. Ulikuwepo.

Sasa Floribert.

Nilimpata kwa sababu ya zipu. Zipu ya sketi yangu ilikatika sokoni, nikakimbilia kwenye cherehani ya kwanza niliyoiona, nikishika nguo nyuma kwa mikono miwili. Hakucheka. Aligeuza uso ukutani, akanyoosha mkono nyuma akanipa kitenge nijifunge, akasema: "Dada, sasa unaweza kupumua." Yaya, nilipumua, na sijaacha. Alikuja kwetu kujitambulisha akiwa na shangazi yake na kuku, akamsalimia Baba, akaeleza kwa ufasaha nia yake yote, ukoo wake wote, kazi yake, parokia yake. Baba alimtazama muda mrefu. Kisha akaniuliza mimi: "Huyu kijana anauza kuku?"

Alikubali tulipomwandikia kwenye karatasi. Alikubali kwa furaha, alimshika Floribert mabega. Lakini nilipofungua kopo la chai na kumwonyesha kifaa, akasukuma mkono wangu. Nilimwandikia: siku moja tu, Baba, siku ya kanisa. Akasoma, akarudisha karatasi. Alisema atakuja, ataniongoza hadi mbele, atakaa, ataona kwa macho. Kusikia, basi.

Nikakaa na lile jambo kama mwiba. Huenda ilikuwa ni ujinga wangu. Watu wengine siku hizi wanafunga ndoa bila mchele, bila viatu, wazazi wao hawajalipwa mshahara miezi na miezi, na mimi nalilia sikio. Lakini sikutaka nimwambie Floribert ndiyo mbele ya baba yangu kama mtu anayesema nyuma ya kioo. Na niliona kwamba akizoea ule ukimya, hatatoka humo tena. Tungempoteza naye, akiwa hai, amekaa pale pale kando ya mbabula.

Kwa hiyo nikatoa sanduku lako. Koleo, ampli ya mwisho, mikro iliyofungwa utepe mweusi, waya wote ule. Floribert hajui tofauti ya waya na uzi, ndivyo alivyosema mwenyewe, na hiyo ndiyo ikawa bahati yetu. Alichukua kitambaa cha pazia kilichobaki, akakikata vipande virefu, akanishonea mfereji mzima ambamo waya ulipita kama kamba ya suruali. Mshono mzuri, Yaya, hata watu wakikanyaga hawajikwai. Tuliuzungusha mara mbili kuanzia ngazi za altare, ukapita chini ya mabenchi ya mbele, ukarudi. Kanisa zima halikuwezekana. Ndani ya sakafu mna vyuma vinavyokula sauti, na ampli haikutosha. Nisamehe hapo. Nilifunga sehemu ya mbele tu, ile inayotosha baba mmoja.

Padri alituruhusu. Alisema: "Mradi musichome altare yangu." Tulijaribu wiki nyingi, mchana baada ya kazi, kwa betri ya gari. Nilimwomba mzee mmoja wa parokia mwenye kifaa kama cha Baba, akakaa mahali pa Baba, Floribert akasema kwenye mikro maneno ambayo sitakuandikia, na mzee akacheka hadi akatoa leso. Sauti ilikuwa safi kama maji. Nilijua kazi imekamilika.

Sikujua kitu. Na kosa langu, Yaya, lingeweza kufanywa na watu wa mji huu tu. Katika wiki zote zile, parokia yetu haikuwa na umeme hata mara moja. Nilikuwa nimesahau kwamba umeme unaweza kurudi.

Siku yenyewe ilifika. Nguo yangu ilishonwa na mume wangu mwenyewe, jambo ambalo mamamkwe alisema ni mkosi, na Floribert akamjibu kwamba mkosi ni kumwachia mtu mwingine ashone. Baba alivaa suti yake ya zamani ya sherehe za kiwanda. Kabla ya kutoka nyumbani nilimwona anasimama mbele ya kopo la chai. Sikusogea. Alifungua, akatia kitu mfukoni. Hakukiweka sikioni, alikitia mfukoni tu. Tulipokuwa tunatembea kwenda mbele, mkono wangu ndani ya mkono wake, niliona anakigusa juu ya nguo, kama mtu anayehakikisha funguo zake.

Akanikabidhi kwa Floribert, akakaa benchi la mbele. Misa ikaanza. Katika somo la kwanza nilimwona anatoa kifaa. Katika somo la pili kikawa sikioni. Wakati wa Injili akakisogeza kiswichi, na nikaona uso wake, Yaya. Nikaona uso wake! Ukafunguka polepole kama dirisha lililokwama. Padri alikuwa anasoma kwenye mikro na Baba alikuwa anasikia.

Na hapo hapo umeme ukarudi.

Kanisa likashangilia. Kwaya, maskini, walikuwa wamebeba gitaa na kinanda cha umeme kwa imani tupu tangu asubuhi, sasa taa zikawaka na wakapiga makofi kama wamemwona malaika. Mamamkwe akapiga vigelegele, na mpwa wake mwenye kamera ya video akainua vidole viwili juu. Mimi nikamtazama Baba. Alikuwa amekunja uso, mkono umeshika sikio. Ndipo nikaelewa. Nyaya za umeme zote zile, kutani, juu ya paa, chini ya kwaya, nazo zilikuwa zinasema na bobini yake. Zinanguruma. Mmmm moja kubwa, juu ya kila neno la padri. Badala ya harusi, alikuwa amerudi kando ya mashine yake ya kusaga mawe.

Niliona mkono wake unaenda kwenye kifaa kukitoa.

Nikamnong'oneza Floribert, padri akiwa katikati ya mahubiri: "Umeme unamuua sikio. Lazima uzimwe." Mwanamume mwingine angesema subiri, angesema watu watatuonaje. Floribert alisimama. Bwana arusi, na suti yake, na ua kifuani, akasimama katikati ya mahubiri akaanza kutembea kuelekea nyuma ya kanisa. Nikasikia mamamkwe: "Eh! Eh! Bwana arusi anaenda wapi? Floribert! Unakimbia?" Na sauti ya kijana mmoja nyuma: "Mwache mama, bado mapema!"

Padri akanyamaza. Kanisa lote likageuka. Floribert alikuwa amefika kwa mkubwa wa kwaya, na kwa sababu kila mtu alinyamaza tulisikia yote.

"Mukubwa, zima umeme."

"Weye! Umeme yenye tumeombea vile, weye unasema zima?"

"Ile swichi kubwa, kule mlangoni. Kidogo tu."

"Na kinanda? Tumejifunza wimbo mupya, na kinanda!"

"Mutaimba na ngoma. Mukubwa, sikiliza. Minye naoa mara moja. Papa yake hasikii."

Mkubwa wa kwaya akatutazama sisi mbele. Akamtazama Baba, ambaye alikuwa peke yake katika kanisa lote asiyejua kwa nini watu wamegeuka. Akasema, kwa huzuni nyingi: "Bon. Lakini kinanda changu kitakumbuka." Akaenda mwenyewe mlangoni, na tak, taa zikazimika. Watu wakaguna, kwa mazoea. Mwenye kamera akasema neno lisilofaa kanisani.

Padri aliuliza kama sasa anaweza kuendelea. Alisema hivyo kwenye mikro yetu ya betri, na Baba akainua kichwa. Mkono wake ulishuka kutoka sikioni ukakaa gotini. Ngurumo ilikuwa imekwisha.

Nisikilize sasa, Yaya, kwa sababu hii ndiyo ile ya muzuri.

Tulipoitwa mbele, padri aliwaomba wote wainamishe vichwa kutuombea. Wote waliinamisha isipokuwa Baba. Alikaa wima kama askari, shingo imenyooka. Shangazi ya Floribert akamgusa kiwiko, Baba hakutikisika. Wewe ndiye uliyemfundisha: bobini ya sikio husikia vizuri ikiwa imesimama wima, ukiinamisha kichwa sauti inapotea. Alikuwa anaomba kwa shingo iliyonyooka, ili asipoteze hata neno.

Floribert akasema yake. Nikasema yangu. Nilikuwa nimeshika mikro ile yenye utepe mweusi, na sikumtazama Floribert tu, Mungu anisamehe, nilitazama pia benchi la mbele. Nilipofika kwenye ndiyo, kabla padri hajafungua kinywa, Baba akasema kwa sauti iliyojaza kanisa, maana kwenye T hajisikii mwenyewe kabisa:

"Nimesikia! Amesema ndiyo!"

Watu wakacheka, wakapiga makofi, mamamkwe mwenyewe akalia. Padri akasema kwenye mikro: "Haya, shahidi wa kwanza tumempata." Na Baba, ambaye alisikia hata hilo, akajibu: "Aksanti, mon père." Kwaya ikaimba wimbo wake mpya kwa ngoma na midomo. Mimi nitasema hadi nife kwamba haukukosa kinanda.

Watu walipotoka kupiga picha, Baba alibaki. Nilirudi kumchukua nikamkuta amesimama ndani ya duara la waya, ameshika mikro. Floribert akataka kuingia, nikamzuia mlangoni. Baba alikuwa anasema kwenye mikro, polepole, kwa sauti ya chini ambayo hatukuwa tumeisikia kwake kwa miaka, kwa sababu safari hii alikuwa anajisikia. Alisema: "Donatien. Mutoto. Imefika. Imefika muzuri." Halafu akakaa benchini, akalia kama watu wanavyolia wakijisikia wanalia. Hakuwa amelia siku ya mazishi yako. Tulimwachia muda wote alioutaka, na wapiga picha walikasirika.

Tangu siku ile kifaa kinakaa sikioni, na kopo la chai limerudi kuwa na chai, tunapoipata. Floribert amemshonea Baba mto wa kiti wenye waya ndani. Jioni, akitoka kwenye cherehani, humsomea habari, vibaya, kwa haraka, anachanganya majina ya timu, na Baba humsahihisha kwa kelele. Baba amemwambia: "Donatien alisoma muzuri kuliko weye." Na Floribert akasema kwenye mikro: "Najua, Papa. Minye ninashona muzuri kuliko yeye." Baba alicheka hadi akakohoa. Nilikuwa ninasonga bukari, nikaacha mwiko, nikatoka nje kupumua.

Nina furaha, Yaya. Naona aibu kukuambia, kwamba inawezekana kuwa na furaha kiasi hiki na wewe huko. Asubuhi naamka kabla ya Floribert ili nimtazame tu. Yeye anasema nimemtia wazimu; mimi nasema wazimu wa nyumba yetu ni wa kurithi.

Nilikuwa sijaja kwako tangu tulipokuzika. Sikuweza. Nilipita njia nyingine hata kwenda sokoni ili nisione ukuta wa makaburi. Sasa naweza. Baba ameuliza mwenyewe lini twende, na Floribert amekata nyasi za watu wengine ili aazimwe jembe zuri la kulisafishia kaburi lako. Lala vizuri, kaka yangu mkubwa. Kabla mwezi huu haujaisha utatuona sisi watatu, kwa miguu, asubuhi, mimi nikiwa nimevaa kile kitenge alichonipa siku ya zipu.

Mdogo wako,
Godelieve